Parapanda juu ya shaba: Yeronimo wa Ribera, 1621

Mzee yuko kati ya miamba, kifua wazi, shuka imemzunguka kiunoni. Vitabu na karatasi zake viko karibu. Fuvu la kichwa liko karibu pia, na simba amesukumwa kivulini. Juu yake wingu limefunguka, malaika amejitokeza nusu mwili, na mdomo wa parapanda unamwelekea yeye. Mzee ameinua uso, kazi aliyokuwa akiifanya imekatika.

Huyo ni Mtakatifu Yeronimo, aliyeipa Kanisa la Magharibi Biblia yake ya Kilatini. Aliyemchora ni Jusepe de Ribera, Mhispania aliyekuwa akiishi Napoli, na tarehe ya kazi ni 1621. Ribera aliliandaa wazo hili kwenye mabamba mawili ya shaba kwa wakati ule ule, kila moja la ukubwa wa karibu sentimita 32 kwa 24. Mkao wa mwili unatofautiana kutoka bamba moja hadi jingine, lakini tukio ni lile lile na wahusika ni wale wale. Nitayasoma yote mawili kama kisa kimoja.

Nimeichagua kazi hii kati ya mamia ya chapa, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba, za watakatifu wakaapweke zilizotoka Ulaya karne ile kwa sababu moja. Alama zote zilizozoeleka zimo ndani yake, lakini hakuna hata moja inayosema kile ilichozoea kusema. Sauti imepita katikati yao na kila kitu kimebadilika maana.

Herufi za jangwani

Kabla ya Ribera, picha za wakaapweke zilikuwa zimekwisha kupata lugha yake. Kuanzia miaka ya 1580 hadi 1600, ndugu wawili wa Flandria, Jan na Raphael Sadeler, walitoa mfululizo baada ya mfululizo wa michoro ya wakaapweke iliyochongwa kwenye shaba kwa kufuata michoro ya Maarten de Vos wa Antwerp. Adriaen Collaert akaongeza mfululizo wa wanawake walioishi jangwani. Chapa hizi zilisambaa kote Ulaya ya Kikatoliki, na wachoraji wa rangi walizitumia kama hazina ya kuchota. Kardinali Federico Borromeo wa Milano alikuwa na picha ndogo za rangi za wakaapweke zilizochorwa na Jan Brueghel, na nyingi zilitokana na karatasi hizo za akina Sadeler.

Ukizifungua leo, utaona jinsi zilivyopangwa. Msitu mkubwa au jabali kubwa, na ndani yake mtu mdogo. Pembeni mwake pana msalaba wa fito mbili, fuvu, kitabu, kengele, pengine shisha ya mchanga ya kupimia saa. Kunguru akileta mkate, ni Paulo wa Thebe. Nguruwe akiwa miguuni, ni Antonio. Nywele zikifunika mwili mzima, ni Onofrio, au Maria wa Misri. Chini ya picha kuna beti za Kilatini zinazoeleza kisa. Alama hapa inafanya kazi ya jina: inakuambia nani ni nani, kisha fuvu linakukumbusha kifo, msalaba unakukumbusha wokovu, na unageuza ukurasa.

Siidharau kazi hiyo. Waliozinunua karatasi hizo walitaka kutambua na kusali, nazo zilitosheleza haja hiyo kwa uzuri mkubwa. Misitu ya akina Sadeler inanivutia mpaka leo. Lakini ndani yake mtakatifu na alama zake wanakaa pamoja kwa utulivu. Hakuna jambo linalotokea. Ribera alizichukua herufi hizo hizo akaandika nazo sentensi.

Kwa nini Yeronimo

Mtu anaweza kuuliza kama Yeronimo ni mkaapweke kweli. Alizaliwa Stridoni karibu mwaka 347, akasoma Roma, na maisha yake ya jangwani hasa, katika jangwa la Kalkisi nchini Siria, yalikuwa ya miaka michache tu, katikati ya miaka ya 370. Baadaye alirudi Roma akawa katibu wa Papa Damaso, na tangu 386 hadi kufa kwake mwaka 420 aliishi Bethlehemu, katika monasteri, akiwa na wenzake, vitabu, barua na ugomvi mwingi wa kitaaluma. Ukilinganisha na wale wa Misri, yeye alionja upweke tu.

Hata hivyo yeye ndiye aliyeipa Ulaya picha ya mkaapweke. Katika miaka ile ya ujana aliandika maisha ya Paulo wa Thebe, na humo ndimo tunamopata kunguru aliyemletea Paulo nusu mkate kila siku, na mkate mzima siku Antonio alipomtembelea. Humo pia wamo simba wawili waliokuja kulichimba kaburi la Paulo kwa makucha yao, mzee Antonio akiwa hana hata jembe. Picha hizi ambazo Wazungu walizichonga kwa karne nyingi zina asili ya Afrika, katika jangwa lililo kati ya mto Naili na Bahari ya Shamu, na aliyezivusha bahari kwenda kwa wasomaji wa Kilatini ni Yeronimo. Kwa hiyo Ribera anapomweka jangwani na simba, anamweka mwandishi ndani ya hadithi aliyoiandika mwenyewe.

Simba yule wa Yeronimo hata hivyo ni wa kuazima. Kisa cha mtawa aliyemtoa simba mwiba, na simba akabaki monasterini kama mtumishi, kilisimuliwa kwanza kuhusu Gerasimo, mkaapweke wa karne ya 5 karibu na mto Yordani. Kilihamia kwa Yeronimo katika karne za kati, na kufikia karne ya 13 kilikwisha kukubalika hata hakuna aliyeuliza. Ndivyo ilivyokuwa kwa kofia nyekundu ya kikardinali pia: wachoraji wengi walimvika Yeronimo au waliiweka sakafuni karibu naye, ilhali makardinali walianza kupewa kofia hiyo mwaka 1245, zaidi ya miaka mia nane baada ya kifo chake.

Barua mbili na sauti moja

Parapanda ndiyo inayofanya kisa hiki kuwa kigumu, na kitamu.

Kulikuwa na maneno maarufu yaliyodaiwa kuwa ya Yeronimo. Maana yake ni kwamba, nikila au nikinywa, au nikifanya lolote lile, daima naisikia masikioni ile parapanda ya kutisha ikisema: inukeni, enyi wafu, njoni hukumuni. Wasomi leo hawayahesabu kati ya maandishi yake halisi. Lakini watu wa karne ya 17 waliyapokea kama yake, na wachoraji waliyafanya tukio: malaika halisi, chombo halisi, mzee anayeshtuka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Mkristo ameisikia “parapanda italia” ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho kwenye mazishi mangapi, na Mwislamu atamkumbuka Israfili na baragumu lake.

Sasa chukua barua ambazo hakuna anayezitilia shaka. Katika barua kwa Eustokia, msichana Mkristo wa Roma, ya mwaka 384, Yeronimo anazikumbuka siku zake za Kalkisi: ngozi imeungua kwa jua, mifupa inagusana na ardhi tupu, na yeye ambaye kwa kuiogopa jehanamu alijifunga katika kifungo kile, akiwa na nge na wanyama wa mwitu tu kama wenzake, mara nyingi mawazoni alijikuta kati ya wasichana wanaocheza ngoma. Hofu ya mzee wa Ribera ina mizizi hapo.

Lakini kuna barua nyingine, ya mapema zaidi, kwa rafiki yake Heliodoro. Yeronimo anamsihi aache mji aje jangwani, na anapofika mwisho anaitaja Siku ya Hukumu. Anasema kwamba kwa sauti ya parapanda dunia itatetemeka pamoja na watu wake, lakini wewe utafurahi. Wewe, yaani mkaapweke. Wafalme watatetemeka, wanafalsafa wataonekana wapumbavu, na yule maskini wa pangoni atacheka.

Kwa hiyo kijana Yeronimo alimwahidi rafiki yake kwamba parapanda ni habari njema kwa mtu wa jangwani. Mzee Yeronimo wa Ribera anaisikia parapanda hiyo hiyo, na hachekelei hata kidogo. Mdomo umefunguka, mwili umerudi nyuma. Yeye aliyekwisha kufunga, kukesha, kulia na kufasiri Maandiko, bado anashtuka kama mtu aliyekamatwa.

Je, Ribera aliijua barua kwa Heliodoro? Swali hilo halinisumbui sana. Lililo wazi ni kwamba kati ya Yeronimo wa furaha na Yeronimo wa hofu, enzi yake ilimchagua wa pili, na ilikuwa na sababu zake.

Hofu yenye mafundisho

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki ulioketi kwa vipindi kati ya 1545 na 1563, ulikuwa umejibu hoja za Waprotestanti moja baada ya nyingine. Aprili 1546 uliithibitisha tafsiri ya Kilatini iliyohusishwa na Yeronimo kuwa ndiyo ya kutegemewa. Januari 1547, katika hati juu ya kuhesabiwa haki, ulikataa fundisho kwamba muumini anaweza kuwa na uhakika kamili wa wokovu wake mwenyewe. Mwaka 1551 uliitetea sakramenti ya kitubio. Desemba 1563, katika siku zake za mwisho, ukazitetea picha takatifu na kuagiza zitumike kufundisha watu.

Yeronimo alisimama mahali ambapo njia hizo zote zinakutana. Yeye ni Biblia ya Kilatini, ni toba, na ni mtakatifu wa kuchorwa. Ndiyo maana picha za watakatifu wanaotubu, Petro akilia, Magdalena pangoni, Yeronimo na jiwe lake, zilijaa makanisani na majumbani. Ribera mwenyewe alitoa chapa ya Petro mwenye kutubu mwaka ule ule wa 1621, na ukiziweka pamoja unaona wazee wawili wa mwili mmoja, mishipa imetokeza, macho juu.

Ile hati ya 1547 ndiyo ufunguo wa uso wa Yeronimo. Kama hakuna awezaye kusema kwa uhakika kamili kwamba ameokoka, basi hata mtakatifu ana sababu ya kutetemeka. Wachoraji wa kabla yake walimwonyesha Yeronimo akijipiga kifua kwa jiwe, kama alivyofanya Albrecht Dürer katika mchongo wake wa miaka ya 1490. Katika mchongo huo toba ni kitendo cha mtakatifu mwenyewe: anashika jiwe, anachagua kupiga, anajua anafanya nini. Ribera ameliondoa tendo hilo. Yeronimo wake hatubu kwa ratiba. Anafanyiwa jambo na sauti asiyoiamuru, katikati ya kazi ya kawaida, kalamu na karatasi zikiwa pale pale. Naona hili ni kali kuliko jiwe. Jiwe unaweza kuliweka chini.

Sauti inachorwaje

Shida ya Ribera ilikuwa ya ufundi kabla haijawa ya teolojia. Karatasi haitoi sauti. Mchoraji anaweza kuchora parapanda, lakini parapanda iliyochorwa ni bomba la shaba tu.

Hapa inafaa kujua alivyofanya kazi. Akina Sadeler walichonga: walisukuma ncha kali ya chuma ndani ya shaba, mfereji baada ya mfereji, kazi ya mkono mzito na subira ndefu. Ribera alitumia tindikali. Bamba hupakwa tabaka jembamba la nta na utomvu, mchoraji hulikwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba hutiwa tindikali inayokula pale palipokwaruzwa. Nta ikiondolewa, wino husuguliwa kwenye mifereji, uso wa bamba hufutwa, na karatasi iliyoloweshwa kidogo hugandamizwa juu yake kati ya rola mbili. Sindano inateleza kwenye nta kwa wepesi wa kalamu. Ndiyo maana ngozi ya mzee huyu imejaa vijistari vifupi na nukta ndogo ndogo, makunyanzi ya shingo, mikunjo ya tumbo, mfupa wa bega. Ribera alikuwa amejifunza kutazama miili ya wazee maskini kwa heshima isiyopunguza kitu.

Kuna sheria moja ya kazi hii inayobeba kisa kizima: mwanga haupakwi. Mwanga ni mahali ambapo sindano haikugusa. Katika mchoro wa rangi ya mafuta, mchoraji huuongeza mwanga juu ya giza. Katika chapa, mwanga ulikuwapo tangu mwanzo, ni karatasi yenyewe, na mchoraji hujitahidi asiuharibu.

Ribera ameiacha sehemu kubwa ya karatasi nyeupe, hasa kati ya malaika na mzee. Wachongaji wa zamani wangejaza pale miti, ndege, miale iliyonyooka kama vijiti, au utepe wenye maandishi unaotoka kinywani. Yeye hakujaza kitu. Weupe ule ndio sauti. Jicho linashuka kutoka mdomo wa parapanda, halikuti kizuizi chochote, linafika usoni mwa mzee ambapo mistari inaanza kujaa ghafla. Upande wa nyuma, giza la miamba limefungwa kwa mistari iliyopishana, na simba yuko humo. Kwa hiyo mwili wa Yeronimo ndio mpaka. Mbele yake ni sauti, nyuma yake ni jangwa.

Ningependa msomaji ajaribu hili mwenyewe akiipata chapa hii kwenye mkusanyo wa makumbusho yoyote mtandaoni. Funika malaika kwa kidole. Utashangaa kwamba mzee bado anasikia. Umbo la mwili wake linatosha kukuambia sauti inatoka wapi na ina nguvu kiasi gani.

Wala si bahati. Karibu mwaka 1622 Ribera alitengeneza karatasi za mazoezi kwa wanafunzi wa uchoraji: moja ya macho, moja ya pua na midomo, na moja ya masikio. Masikio matupu, yakitazamwa kwa pembe mbalimbali. Karatasi hizo zilinakiliwa katika vitabu vya mafunzo ya uchoraji kwa muda mrefu baada yake. Mtu aliyetumia siku zake kuchunguza masikio hivyo alikuwa anajua vizuri anachofanya alipomgeuza Yeronimo kuelekea parapanda.

Na wateja wake walikuwa wamefundishwa kusikia kwa mawazo. Mazoezi ya kiroho ya Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, yaliyochapishwa mwaka 1548, yanamtaka anayesali atumie hisi zake zote tano, na katika tafakari ya jehanamu mojawapo ya hatua ni kusikia kwa masikio vilio na makelele ya humo. Wajesuiti walikuwa na nguvu Napoli, ufalme uliokuwa chini ya taji la Hispania. Mtu aliyezoea tafakari hizo, akiishika karatasi hii usiku karibu na mshumaa, alijua la kufanya na weupe ule.

Fuvu linaloitwa

Turudi kwenye alama, sasa tukiwa na sauti.

Fuvu kwa kawaida ni onyo kwa aliye hai: utakufa. Mkaapweke analitazama, anajifunza unyenyekevu, basi. Lakini maneno ya parapanda ni yapi? Inukeni, enyi wafu. Katika chapa hii kuna mfu mmoja tu, naye ni fuvu lile. Amri haikutolewa kwa Yeronimo kwanza, imetolewa kwa mfupa ulio karibu naye. Tofauti na desturi ndefu ya mafuvu ya jangwani, hapa fuvu si funzo. Ni jirani anayeitwa kwa jina lake. Wakati wowote linaweza kutii. Na mzee, ambaye ngozi yake imekaa juu ya mifupa kwa kiasi kidogo tu, yuko nusu ya safari kati ya hali yake na hali ya lile fuvu. Ribera amekichora kipara chake kwa mviringo ule ule wa fuvu, na ukishaona hivyo huwezi tena kuacha kuona.

Hii ndiyo alama ambayo ningeitumia kueleza tofauti yote kati ya Ribera na waliomtangulia. Fuvu la akina Sadeler linaelekeza kaburini. La Ribera linaelekeza nje ya kaburi, na hilo ndilo linalotisha zaidi, kwa sababu kufa ni rahisi kuliko kufufuliwa na kuulizwa.

Vitabu navyo vimegeuka. Yeronimo alipenda vitabu kupita kiasi na alijua. Katika barua ile ile kwa Eustokia anasimulia ndoto: aliburutwa mbele ya kiti cha hakimu, akaulizwa yeye ni nani, akajibu kwamba ni Mkristo. Akaambiwa anasema uongo. Yeye ni mfuasi wa Cicero, mwandishi mpagani wa Roma, si wa Kristo, kwa maana hazina yake ilipo ndipo moyo wake ulipo. Akachapwa viboko. Kwa hiyo mtu huyu alikwisha kusomewa hukumu mara moja, na kesi ilikuwa juu ya kusoma kwake. Parapanda inapolia huku akiwa na maandishi yake, vitabu vile si tena alama ya msomi tu. Ufunuo unasema kwamba wafu watasimama na vitabu vitafunguliwa. Vya Yeronimo viko wazi tayari.

Juu ya simba nitasema machache. Katika picha nyingi yeye ni dalili ya amani: hasira ya mnyama imetulizwa na utakatifu, kama bustani ya Edeni imerudi kidogo. Hapa amani hiyo haina uzito mbele ya sauti ile. Yule ambaye angetisha amewekwa gizani, na anayetisha ni kijana mwenye mabawa.

Uchi wa mzee ndio unaonigusa zaidi baada ya fuvu. Katika jangwa ni alama ya kuacha mali. Chini ya parapanda ni hali ya mtu siku atakapotoka ardhini, bila cheo wala joho. Na kwa kuwa chapa ni nyeusi na nyeupe, ile nyekundu ya kikardinali, iliyomfuata Yeronimo karne kadhaa, haina pa kukaa. Shuka iliyomzunguka ni shuka tu.

Amsterdam, 1648

Ili kuona jinsi parapanda inavyobeba kila kitu, mtazame Yeronimo asiye nayo. Mwaka 1648, Rembrandt, katika mji wa Waprotestanti, alitoa chapa ya Yeronimo kando ya mti mkubwa wa mwerebi uliokatwa matawi. Mti umechukua nafasi kuu. Mtakatifu ameketi nyuma ya shina na miwani yake, anaandika, na simba anachungulia kutoka upande wa pili wa mti kama mlinzi wa nyumba. Mti uliokatwa lakini unachipua unabeba habari ya ufufuko kwa upole kabisa. Hakuna anayeitwa hukumuni. Simba amepata tena kazi yake, kitabu kimepata tena utulivu wake.

Ni chapa nzuri mno, na wengi huipenda kuliko ya Ribera. Nawaelewa. Lakini Rembrandt ametupa Yeronimo ambaye kazi yake haikatizwi, na Yeronimo wa barua hakuwa hivyo. Maisha yake yote yalikuwa kukatizwa: na ugonjwa, na wapinzani, na tamaa, na habari za Roma kutekwa mwaka 410 zilizomfanya aiache kwa muda kazi yake juu ya kitabu cha Ezekieli. Ribera amekaa karibu zaidi na mtu mwenyewe.

Napoli, miaka mitano baada ya chapa

Mwaka 1626 Ribera alilirudia wazo hili kwa rangi ya mafuta. Picha kubwa ya altare aliyoichora kwa ajili ya kanisa la watawa wa kike la Santissima Trinità mjini Napoli sasa iko katika makumbusho ya Capodimonte, mji huo huo. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu. Mzee ni yule yule, malaika ni yule yule, fuvu lipo, simba yupo. Nguo nyekundu imerudi, nayo inawaka kutoka gizani kwa namna ambayo hakuna bamba la shaba lingeweza.

Kama picha ya kanisa, ina nguvu nyingi. Inaonekana kutoka mbali, na watawa waliosali chini yake walikuwa na haki ya kutetemeka. Lakini kitu kimoja kimepotea, na ni kile kilichokuwa moyo wa kazi ya 1621. Mahali pa weupe ule wa karatasi pamejazwa anga, giza na wingu, na mwanga sasa umepakwa juu kwa burashi. Malaika anaonekana vizuri zaidi kuliko anavyosikika. Pia picha ya altare inasikiwa na kundi zima, ilhali chapa ya sentimita 32 inashikwa na mtu mmoja, karibu na uso, na umbali kati ya parapanda na sikio la mzee unakuwa sawa na umbali kati ya karatasi na sikio la anayeitazama. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kumjua Yeronimo wa Ribera ningemwonyesha chapa kwanza, na picha ya Capodimonte baadaye.